UZI: Mzee wako anaamka usiku kucha kwenda haja ndogo? Apimwe kabla mkojo haujagoma

#1 Tabibu wa Kusini

Wakuu, salaam.

Mimi ni tabibu mstaafu. Kazi nimeifanya huku huku kwetu, Masasi, Nachingwea, mwishowe Lindi mjini. Nafungua uzi huu sasa kwa sababu mabibo yameanza kuiva, na kila msimu wa uraka, pombe ya mabibo, wazee huletwa hospitali kwa bodaboda wakiwa hawajapata haja ndogo tangu jana yake. Tumbo limejaa chini ya kitovu, gumu, ukiligusa mzee anaruka. Jasho linamtoka, hawezi kukaa wala kulala. Ukimuuliza tatizo limeanza lini, anasema jana. Mkewe ukimvuta pembeni anakuambia mwaka wa tatu huu.

Hiyo miaka ya kimya ndiyo inayoniuma. Mzee anayeamka mara tatu, mara nne usiku kukojoa hatakiwi kuvumilia, na hatakiwi kununuliwa chupa mnadani. Anatakiwa apimwe. Akiwahi, wengi hawafiki kwenye kisu.

Tezi dume kila mwanaume anayo. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapoanzia. Ujanani ina gramu 20 hivi, na kuanzia miaka ya 40 huanza kukua taratibu. Kufikia miaka ya 50 na kitu, karibu nusu ya wanaume tezi zao zimeshakua. Kwenye miaka ya 80 ni wengi mno. Kukua huko si saratani na hakugeuki kuwa saratani. Shida inakuja inapoubana mrija. Na ukubwa peke yake hausemi kila kitu: nimeona tezi kubwa isiyomsumbua mwenyewe, na nimeona ndogo iliyomfunga mtu kabisa.

Dalili mnazijua ila mnaziita uzee. Mzee anasimama chooni, mkojo unasita, mpaka ajikamue. Ukitoka ni mwembamba, unakatikakatika. Akimaliza anahisi bado upo, anarudi baada ya nusu saa. Mkojo ukimbana hana subira, asipokimbia unamtoka. Na usiku ni safari tu.

Kuna dalili moja nataka niitilie mkazo kwa sababu inapotosha familia nyingi. Mzee anavuja mkojo mchana na usiku, godoro limelowa, watu wanasema baba amekuwa mtoto, wanamfunga nepi. Mara nyingine kibofu cha huyo mzee kimejaa hadi pomoni, hakifunguki, na kinachovuja ni kile kilichozidi. Haumwi sana kwa sababu kimejaa polepole kwa miezi. Mkojo wenye shinikizo unarudi nyuma kwenye figo, figo zinaharibika kimyakimya. Akianza kuvimba miguu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, ameshachelewa. Mzee akianza kujikojolea, mpelekeni akapimwe tumbo kabla ya kununua nepi.

Vipimo vya kuanzia si vya kutisha: mkojo, sukari, kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo), na utrasaundi ya kibofu akiwa amejaza na baada ya kukojoa, ili ionekane kinabaki kiasi gani. Halafu kidole. Najua wazee wanakikimbia. Ni kidole kimoja chenye glovu na mafuta, hakimalizi dakika, na kinamwambia daktari kama tezi ni laini na imekua tu, au ina uvimbe mgumu wa kutilia shaka.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 Mmakua wa Mjini

Ahsante mkuu. Mjomba wangu yuko Chiungutwa, tatizo lake ni la usiku tu, mchana yuko vizuri. Nayo ni tezi dume?

#3 Tabibu wa Kusini

Mkuu, inaweza kuwa siyo. Fanya hivi: chukua kopo moja la plastiki lenye vipimo, au chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa juu. Kwa siku tatu mjomba akojolee humo, na mjukuu anayesoma aandike kwenye daftari saa na kiasi. Mkipata picha hiyo mmemsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Kama kila anapoamka anatoa kidogo kidogo, kibofu au tezi ndiyo inayosumbua. Kama kila anapoamka anajaza kopo, na mkojo wa usiku unazidi theluthi moja ya mkojo wa saa 24, basi mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku na tezi unaionea bure. Hapo tunaangalia sukari, moyo, figo, na dawa za presha. Yule anayekunywa dawa ya kukojosha jioni, aulize daktari kama anaweza kuihamishia asubuhi. Na mzee ambaye miguu inavimba jioni, yale maji akilala yanarudi kwenye damu na kushuka kibofuni. Alaze miguu juu ya mto mchana, kama saa moja au mbili, maji yatoke kabla ya kulala.

Kahawa ya barazani jioni nayo ipunguzwe, na chai ya rangi ya usiku. Ila msimkataze maji mchana! Kule uwandani Newala na Tandahimba, ambako maji yenyewe ni ya taabu, wazee wanajinyima kunywa ili wasiende chooni. Mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, na choo kinakuwa kigumu. Choo kigumu nacho kinabana njia ya mkojo. Anywe mchana, apunguze saa mbili tatu kabla ya kulala.

#4 Binti Kilwa

Daktari, baba ana damu kwenye mkojo. Ndugu wanasema ni hiyo hiyo tezi dume.

#5 Tabibu wa Kusini

Dada, damu haisubiri. Kwetu Lindi na Mtwara kichocho cha mkojo kipo tangu enzi, na mzee aliyekulia kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga anaweza kuwa alikipata utotoni. Kichocho cha miaka mingi kinakakamaza ukuta wa kibofu na kinaweza kuzaa saratani ya kibofu. Tezi iliyokua nayo inaweza kutoa damu, mawe ya kibofu pia, maambukizi pia. Mpeleke wiki hii apimwe mkojo na utrasaundi. Akikutwa na kichocho atapewa prazikwanteli kulingana na uzito wake, lakini kwa umri wake bado kibofu kiangaliwe, dawa ya minyoo peke yake isiwafunge macho.

Na wengine humu: mwanaume aliyewahi kuugua kisonono ujanani, au aliyewahi kuwekewa mpira wa mkojo ukamuumiza, mrija wenyewe unaweza kuwa umesinyaa kwa kovu. Dalili zinafanana kabisa na za tezi, tiba ni tofauti. Ndiyo maana nakataa dawa ya kukisia.

#6 Nangurukuru Stendi

Huku mzee akisema "mshipa" inaishia hapo. Busha ni mshipa, ngiri ni mshipa, mkojo kuziba ni mshipa. Wakisikia kambi ya upasuaji wa mabusha imekuja, wanakwenda wote.

#7 Tabibu wa Kusini

Umesema kweli mkuu, na waende, kwa sababu pale angalau wataonwa na daktari. Lakini busha ni maji kwenye korodani, kwetu mara nyingi kutokana na matende. Halibani njia ya mkojo. Ngiri ni utumbo kushuka, na mzee anayejikamua kila siku chooni anaweza kuipata kwa sababu ya huko kujikamua. Ukimshona ngiri bila kuangalia tezi, inaweza kurudi. Mwambieni mzee aeleze na habari ya mkojo, hata kama amekwenda kwa ajili ya busha.

#8 Mzee wa Baraza

Mimi nina miaka 71. Nimesoma yote. Kilichonifanya niache kwenda msikitini si maumivu. Nikishatawadha, nikiinama tu, tone linatoka. Nimekuwa naswali nyumbani na moyo wangu hautulii.

#9 Ustaadhi Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Usijitenge na swala ya jamaa kwa hili. Kwa mazhab ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunaifuata, mtu ambaye mkojo unamtoka mfululizo bila uwezo wake ana hukumu yake: anasubiri wakati wa swala uingie, anajisafisha, anaweka kitambaa safi, anatawadha na kuswali bila kuchelewesha. Kinachotoka baada ya hapo bila hiari yake hakimbatilishii. Fardhi inayofuata anatawadha upya. Dini imekuwekea wepesi, uchukue. Kama matone yako yana muda yanapokatika, fika kwa sheikh wako akuangalizie hali yako ilivyo.

#10 Tabibu wa Kusini

Shikamoo mzee. Ahsante kwa kuyasema, kuna wengi watasoma hapa waliokuwa na mzigo huo huo.

Nakuongezea la kitabibu. Tone linalotoka baada ya kumaliza mara nyingi ni mkojo uliobaki kwenye kona ya mrija, nyuma ya korodani. Ukimaliza kukojoa subiri kidogo, weka vidole viwili au vitatu nyuma ya korodani, bonyeza kwa upole ukisukuma kwenda mbele na juu kuelekea shina la uume, rudia mara mbili tatu. Tone litatokea pale pale chooni. Ukojoe pia ukiwa umechuchumaa au umekaa ikiwa kusimama kunakufanya uharakishe. Na bado nakuomba ukapimwe, maana miaka 71 na matone ya kila siku ni sababu tosha. Nenda na kitambulisho chako, uliza dirisha la wazee, na kama huna bima wala uwezo, uliza utaratibu wa msamaha kwa wazee kuanzia miaka 60 kupitia ofisi ya kijiji au mtaa na ustawi wa jamii hospitalini.

#11 Mwera Asilia

Baba PSA imekuja 11. Kijana wa maabara kasema "hii juu". Nyumbani tumeshaanza kulia. Ni saratani?

#12 Tabibu wa Kusini

Pole sana ndugu yangu, ila msilie bado. PSA ni kitu kinachotengenezwa na tezi dume yenyewe, kinapimwa kwenye damu. Wengi hutumia 4 kama mpaka, lakini tezi iliyokua inaipandisha, maambukizi ya mkojo yanaipandisha sana, mkojo ukiziba au mtu akiwekewa mpira inapanda pia. Baba alikuwa na homa, mkojo unachoma, au alikuwa na mpira siku alipopimwa? Kama ndiyo, atibiwe kwanza, kisha irudiwe baada ya wiki kama sita. Ikibaki juu, au kidole kikakuta uvimbe mgumu, daktari ataomba kukata kinyama kidogo cha tezi kipimwe. Kinyama ndicho kinachothibitisha.

Nisikufiche jambo: saratani ya tezi dume kwa sisi watu weusi iko juu kuliko kwa wengine, na mwanzoni haina dalili yoyote. Kama baba ana maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha na anapungua mwili, usisubiri wiki sita. Mwambie daktari leo.

#13 Korosho Ghafi

Mkuu, chanzo hasa ni nini? Kijiweni wanasema ni kukaa muda mrefu bila mke, wengine wanasema ni kuzidisha.

#14 Tabibu wa Kusini

Si hili wala lile. Ni umri na homoni ya kiume. Mwanaume aliyehasiwa kabla ya kubalehe haugui ugonjwa huu, hiyo ilijulikana zamani. Kilichofungua njia ya dawa ni familia za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 watafiti walieleza habari za watoto wa huko waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi. Walipokua wakawa wanaume wenye nguvu na sauti nzito, lakini tezi dume zao zilibaki ndogo. Kutokana na hapo ikatengenezwa finasteridi, inayokizuia kimeng'enya hicho, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992. Mimi kila nikiiandika hiyo dawa nilikuwa nawakumbuka watu wale.

Sasa dawa zenyewe, kwa sababu wengi wanaziacha kwa kutoelewa. Ya kwanza ni tamsulosini, miligramu 0.4, mara moja kwa siku baada ya mlo uleule. Inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na tezi, nafuu inaonekana ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Haipunguzi tezi. Inaweza kushusha presha, basi mzee asiinuke kitandani kwa ghafla, akae kwanza. Manii yanaweza kupungua au kutotoka, haina madhara. Na kama ana mpango wa kufanyiwa mtoto wa jicho, amwambie daktari wa macho kwamba anaitumia au aliwahi kuitumia, kwa sababu inaathiri mboni wakati wa upasuaji.

Finasteridi miligramu 5 ndiyo inayopunguza tezi yenyewe, kama robo hivi, lakini inataka miezi sita. Wazee wanaiacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi. Hamu ya tendo inaweza kushuka kwa baadhi. Inaishusha PSA kwa nusu, kwa hiyo anayeitumia amkumbushe daktari. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Kwa tezi kubwa zinatumika zote mbili pamoja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2003, wenye wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha kuchanganya finasteridi na doksazosini, dawa ya kundi moja na tamsulosini, kunapunguza hatari ya tatizo kuendelea kwa karibu theluthi mbili.

Jambo ambalo wauza maduka ya dawa hawaulizi: dawa za mafua za kukausha kamasi, vidonge vya mzio vile vinavyoleta usingizi kama klorofeniramini, na amitriptilini, ile ya sonona na maumivu ya neva. Zote hizo zinaweza kumfunga mkojo mzee mwenye tezi kubwa. Pombe pia, na kujibana kwa muda mrefu safarini. Uraka wa jioni na kidonge cha mafua cha kulalia ndivyo vilivyonijazia wodi.

#15 Binti Kilwa

Na hizi chupa za miti shamba zinazouzwa kwenye mabasi? Mama keshanunua mbili.

#16 Tabibu wa Kusini

Dada, siidharau miti. Gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani Afrika, limepelekwa Ulaya kwa miongo mingi kutengeneza vidonge vya tezi dume, mpaka mti ukawekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 1995. Majaribio madogo yanaonyesha unatoa nafuu kiasi ya dalili, hauondoi tezi. Lakini ni mti wa milimani, siyo wa pwani yetu, na chupa ya kwenye basi haikuambii ndani kuna nini. Saw palmetto, dawa ya mmea wa Marekani, inayouzwa kwa bei kubwa kwenye mikutano ya mahotelini ilipimwa vizuri Marekani, wanaume 225 kwa mwaka mzima, matokeo ya 2006: haikuwa tofauti na kidonge kitupu.

Hofu yangu kubwa ni chupa za "kusafisha kibofu". Kama inaongeza mkojo, na njia imebana, unamjazia mzee kibofu kisichofunguka. Mbegu za maboga ale tu, ni chakula kizuri.

#17 Mmakua wa Mjini

Upasuaji je? Mjomba anasema heri afe na uanaume wake.

#18 Tabibu wa Kusini

Mwambie mjomba hivi, na ni vizuri aambiwe na mjukuu mwenye utani naye, maana mtoto wa kumzaa hawezi kuyatamka. Upasuaji ni kwa yule aliyeshindikana kwa dawa, aliyefungwa mkojo mara kwa mara, mwenye mawe ya kibofu, damu isiyokoma, maambukizi ya kujirudia au figo zinazoumia. Upo wa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo, na upo wa kufungua tumbo kwa tezi kubwa, aghalabu zinazozidi gramu 80. Nguvu kwa wengi hubaki kama zilivyokuwa. Kinachobadilika ni manii kurudi kibofuni, yaani anafika mwisho bila kutoa kitu, kisha yanatoka na mkojo. Kwa mzee aliyemaliza kuzaa hilo halina hasara. Asibebe gunia la korosho wala kulima wiki sita za mwanzo, damu inaweza kuanza upya.

Hospitali za kuanzia: Ligula na ile ya kanda kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Ndanda na Nyangao kwa walio njiani. Pigeni simu kwanza muulize siku ya kliniki ya daktari wa upasuaji, msimpakie mzee kwenye gari bure.

#19 Mwera Asilia

Baba kafungwa mkojo juzi baada ya yote haya, kawekewa mpira. Amepewa rufaa ya Dar. Tunaogopa safari kutoka Nachingwea.

#20 Tabibu wa Kusini

Poleni. Kuwekewa mpira kumeokoa figo zake, msiuonee aibu. Muulizeni daktari kama aanze tamsulosini sasa. Mara nyingine baada ya siku chache mpira hujaribiwa kutolewa na mkojo ukarudi.

Kwa safari: usiku kabla ya kuondoka mfuko wa mkojo umwagwe, na muwe na mfuko wa akiba. Achukue siti ya mbele, ya upande wa njia. Mfuko uwe chini ya kiwango cha kibofu muda wote, ufungwe kwenye mguu au utundikwe chini ya siti, usilale sakafuni na usiwekwe mapajani. Mrija usikunjwe na paja wala mkanda. Ubandikwe plasta pajani ili gari likiruka kwenye mashimo usivutwe kutoka ndani. Basi likisimama kuchimba dawa, mfuko umwagwe hata kama haujajaa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Anywe maji kama kawaida.

Mkiona mkojo hautiririki na tumbo linaanza kujaa, kwanza angalieni kama mrija umekunjika. Kama haujakunjika, msisubiri Dar. Shukeni hospitali ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje, au Kibiti mkishavuka Rufiji, waoneshe barua ya rufaa, mpira uzibuliwe au ubadilishwe, kisha muendelee na basi linalofuata.